Jumamosi nne Ngara, darasa la muziki wa klasiki na picha za kisasa

Nimeahidi watu wa kwaya yetu tangu mwezi uliopita kuwa nitaandika kuhusu hili darasa, wacha niandike sasa kabla mambo hayajanitoka kichwani. Liko Ngara, juu ya duka la vitabu vya mtumba, ghorofa ya pili, mlango wa bluu. Ni Jumamosi nne, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, shilingi 3,500 kwa zote nne na chai imo humo. Unalipa na M-Pesa, hakuna cheti, hakuna mtihani, hakuna mtu anakuuliza ulisomea wapi. Mada ni muziki wa klasiki na uchoraji wa kisasa, yaani venye wachoraji walikuwa wanaibia wanamuziki na wanamuziki nao wanaibia wachoraji. Hilo neno kuiba ni la mwalimu, na nimelipenda.

Niseme kwanza mimi ni nani ndio mjue naongea nikiwa wapi. Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi kwa hadiwea. Fundi anakuja na kipande cha plasta ama kitambaa cha pazia anasema nataka hii hii, mimi naangalia chati, natia tinta kwa besi nyeupe, yaani rangi ya msingi, naweka mkebe kwa mashine unatikiswa, nafungua, napaka kidogo kwa kifuniko alafu tunangoja ikauke kwa sababu rangi ikiwa mbichi inakudanganya. Jumapili naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Kwa hivyo rangi naijua kwa mkono na sauti naijua kwa koo, lakini sikuwa nimewahi kuambiwa ati hivyo vitu viwili vilishawahi kukaa meza moja, na hicho ndicho kilichonifanya nitoe pesa.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya mchoraji Kandinsky. Mrusi, alizaliwa Moscow 1866, akasomea sheria, alafu alipokaribia miaka thelathini akaachana na mambo ya kufundisha sheria akaenda Munich kujifunza kuchora. Kabla ya kuhama alikuwa ameenda kusikiliza Lohengrin, opera ya Wagner, huko kwao, na ameeleza mwenyewe kuwa aliona rangi zake zote mbele ya macho akiwa amekaa palepale. Sasa tarehe 2 Januari 1911, akiwa Munich, akaenda na marafiki zake konsati ya muziki wa mtunzi Arnold Schoenberg, mmoja wao akiwa Franz Marc, yule mchoraji wa farasi wa bluu. Mwezi huohuo akachora picha inaitwa Impression III. Kuna michoro midogo aliyoanza nayo na hapo unaona wazi piano, unaona watu wamekaa. Kwa picha yenyewe piano imebaki doa kubwa jeusi na watu wamekuwa vijistari, na kutoka hapo kwa piano kuna manjano, manjano nyingi, imejaza karibu upande wote mmoja inakuja kwako kama maji yamevunja ukuta.

Hapo ndipo mwalimu alinishika kabisa. Alitupigia kipande cha mwisho cha kwateti ya pili ya Schoenberg, iliyokuwa kwa konsati hiyo, ile yenye mwanamke anaimba juu ya vyombo vya nyuzi vya kupigwa na upinde, violini mbili, viola na chelo. Akauliza nani hapa anasoma solfa, yaani do re mi. Tukainua mikono watu watano. Akasema haya, nitafutieni do. Tukasikiliza. Tukasikiliza tena. Do haiko. Yaani kwa wimbo wowote tunaoimba kanisani hata ukipotea namna gani unajua nyumbani ni wapi, ukimaliza unarudi do unakaa. Huyu Schoenberg alikuwa ametoka nyumbani, na karibu kipande chote hakurudi mpaka pale mwisho kabisa. Alafu mwalimu akarudisha ile picha akasema, na sasa nitafutieni kitu. Mti, mtu, nyumba, chochote. Ndio nikaelewa kwamba muziki usio na do na picha isiyo na kitu ni jambo moja, na Kandinsky hakuenda kuchora konsati, alienda akakuta mtu mwingine ameshafanya kwa sauti kile yeye alikuwa anaogopa kumalizia kwa rangi. Alimwandikia Schoenberg barua mwezi huohuo ingawa hawakuwa wanajuana, wakawa marafiki, na Desemba ya mwaka huo picha za Schoenberg mwenyewe zikatundikwa kwa maonyesho ya kikundi cha Kandinsky, kwa maana jamaa naye alikuwa anachora.

Sasa lalamiko langu la kwanza, na ni kubwa. Ile projekta. Manjano ilitoka kijani. Sio kijani sana, lakini mtu anayeuza rangi anaona. Manjano ndiyo rangi nyepesi kuharibu kuliko zote, ukiitia tone moja tu la nyeusi haiwi manjano iliyofifia, inageuka kijani ya majani makavu, na hivyo ndivyo ukuta wa Ngara ulivyoonyesha picha ambayo maana yake yote iko kwa manjano. Kandinsky alikuwa na orodha yake ya rangi na vyombo: manjano ni tarumbeta, bluu nyepesi ni filimbi, bluu nzito ni chelo, ikizidi uzito inakuwa besi kubwa mpaka inafika kinanda cha kanisani, nyeupe ni kimya ambacho bado kina kitu kinakuja, nyeusi ni kimya ambacho hakina kesho. Watu wakawa wanaandika hiyo orodha na huku wanaangalia tarumbeta ya kijani. Nilimwambia mwalimu wakati wa chai, kwa heshima, akakubali bila kubishana, akasema projekta ni ya kuazima. Nikamwambia Jumamosi ijayo nitaleta manjano mimi.

Na nilileta. Nilichanganya saba, nikapaka kwa kadi nyeupe, kutoka ile kali ya limau mpaka ile inaegemea chungwa, koti mbili kila moja, zikauke vizuri. Tukazitundika kwa ukuta kando ya picha. Mzee mmoja aliyestaafu, ambaye hapo kwa ngazi ilibidi apumzike mara mbili, akasimama mbele ya kadi zangu kwa muda mrefu alafu akauliza, "Mwalimu, huyu mtu alijuaje manjano ni tarumbeta na sio zumari?" Kila mtu akanyamaza maana sote tulikuwa tumeandika orodha bila kuuliza.

Jibu la mwalimu ndilo limenifanya nimheshimu. Hakutetea orodha. Akatuambia kuna Warusi wawili, Rimsky-Korsakov na Scriabin, wote watunzi wakubwa, wote walisema kila ufunguo wa muziki, yaani ile nota wimbo unaifanya do yake, una rangi yake, na hawakusikizana. Do ikiwa C meja, Rimsky-Korsakov aliona nyeupe na Scriabin aliona nyekundu. Kwa D meja ndio walikutana, wote manjano. Scriabin hata aliandika sehemu ya taa za rangi ndani ya Prometheus, kazi yake ya 1910, kuna mstari wa nota kwa ajili ya taa tu. Kwa hivyo, mwalimu akasema, binti hapa ametuletea manjano saba, ni ipi tarumbeta? Tukapiga kura kwa mikono na kura zikatawanyika kadi nne. Kwa kazi yangu naona hivi kila siku, mtu na mke wake wanaangalia kadi moja, mmoja anasema krimu mwingine anasema manjano. Kwa hivyo mkisikia mtu anawauzia hii mada kwa kusema sauti fulani ni rangi fulani, hiyo ni ya mtu binafsi. Kilicho imara ni vile kitu kimejengwa, na hapo ndipo hili darasa lina nguvu na ndiyo sababu nalisifu.

Hiyo Jumamosi ya pili yenyewe ilikuwa ya Mussorgsky, mtunzi Mrusi. Rafiki yake Viktor Hartmann, mchoraji na msanifu wa majengo, alifariki 1873, marafiki wakaandaa maonyesho ya kazi zake, na 1874 Mussorgsky akaandika vipande kumi vya piano, kila kipande picha, na katikati yake anarudiarudia wimbo wa kutembea unaoitwa Promenade, yaani ni yeye mwenyewe anatoka picha moja kwenda nyingine. Ule wimbo hauna mwendo sawa, unahesabu tano alafu sita, tano alafu sita. Mzee akasema hivyo ndivyo mtu anatembea akiwa ametoka matanga. Sijui kama Mussorgsky alimaanisha hivyo lakini tangu siku hiyo siwezi kuusikia vingine. Alafu mtunzi Mfaransa Ravel 1922 akaipanga kazi yote ipigwe na okestra, na sauti ya kwanza kabisa ni tarumbeta moja peke yake. Nilifumba macho nikatafuta manjano, nikaona kitu kama shaba iliyozeeka.

Na kuna mzunguko mmoja mzuri sana hapo. Mwaka 1928 huko Dessau, Ujerumani, Kandinsky alipewa hiyo kazi ya Mussorgsky aiweke jukwaani, akatengeneza maumbo na rangi na taa zinazosogea muziki ukiendelea. Kwa hivyo picha ya Hartmann ilizaa muziki, muziki ukazaa picha nyingine miaka hamsini na kitu baadaye. Mwalimu aliweka lango la Kiev la Hartmann, ile picha ya kipande cha mwisho, na lango la Kiev la Kandinsky ubavu kwa ubavu. La kwanza lina kuba na mapambo, la pili ni vipande tu vya rangi vimepangwa, lakini ukipigiwa ule muziki mzito wa mwisho macho yanakubali ni lango lilelile. Hapa projekta haikuumiza sana.

Jumamosi ya tatu ndiyo bora na kama mna pesa ya siku moja tu muombe mwalimu awauzie hiyo. Mchoraji Paul Klee. Baba yake mwalimu wa muziki, mama yake muimbaji, yeye mwenyewe alipiga violini tangu utotoni huko Bern, Uswisi, na akaoa mpiga piano, Lily, ambaye miaka ya mwanzo ndiye alikuwa analisha nyumba kwa kufundisha piano huku Klee anapika na kulea mtoto. Huyu alikuwa mwanamuziki kweli, na jambo la ajabu ni kwamba wakati wenzake wanakimbilia muziki mpya yeye alipenda Bach na Mozart, watu wa zamani, ilhali picha zake ni za kisasa kabisa.

Mwalimu alianza na sisi wa kwaya. Kuna ile Amina ya mwisho ya Messiah ya Handel, ambayo tumeiimba Krismasi nyingi. Besi wanaanza peke yao, wanasema wimbo mzima. Tenor wanaingia na wimbo uleule huku besi wanaendelea na mambo mengine chini yao. Alafu sisi alto, alafu soprano. Hiyo ndiyo fyugu: wazo moja, sauti moja inaingia, nyingine inaingia nyuma yake na wazo lilelile, hakuna anayemngojea mwenzake amalize na bado haigongani. Nimeimba hiyo kitu miaka tisa na hakuna mtu alikuwa amenionyesha umbo lake. Tuliiimba pale, watu watano, mwalimu akashika besi.

Alafu akagawa karatasi zilizochapishwa, sio projekta, Mungu ambariki, picha ya Klee ya 1921 jina lake Fyugu kwa Nyekundu. Ni kazi ndogo ya rangi za maji. Chini yote ni nyeusi. Juu yake kuna maumbo, kama mtungi, kama jani, pembe tatu, vibanda vya mraba, na kila umbo halikuchorwa mara moja, linaanza gizani halionekani vizuri, linajirudia hatua kwa hatua likipata mwanga mpaka linaishia pinki nyepesi kabisa. Mtungi unaingia. Jani linaingia nyuma yake. Unaona nani ameingia lini. Nikaweka kidole kwa karatasi nikafuata nikiimba alto yangu ya Amina kwa sauti ya chini, na kila nilipofika mahali sisi tunaingia kidole kilikuwa kwa umbo jipya. Haikulingana nota kwa nota, na Klee hakuwa anachora Handel, lakini nilihisi nywele zimesimama.

Nikaangalia pia kazi ya mkono. Kupata ngazi za namna hiyo kutoka nyeusi hadi pinki kwa rangi ya maji unapaka safu nyembamba, unangoja ikauke, unapaka tena ukiacha nje kipande kidogo, tena na tena. Huwezi kukimbiza. Kwa hivyo hata mchoraji mwenyewe alikuwa anahesabu na kungoja zamu kama sisi kwa kwaya.

Kwa Bauhaus, ile shule ya Ujerumani alipofundisha kuanzia 1921, Klee alichukua kipande cha Bach akakichora kwa mistari ya juu na chini kwa karatasi ya vibanda ndio wanafunzi waone sauti zinavyosonga. Siku hiyo kulikuwa na kijana wa viola, amejifunzia Korogocho kwa Ghetto Classics, ule mradi wa muziki wa watoto ulioanza 2008, akapiga Bach polepole, sisi tunachora mstari kwa karatasi za hesabu akipanda tunapanda. Sauti ya chombo cha kweli kwa chumba kidogo ni kitu kingine, unasikia upinde unagusa uzi. Tukamalizia na Ad Parnassum, ya 1932, picha kubwa ya Klee iliyoko Bern, vidoti vingi kama kokoto za rangi, juu yake mistari ya mlima ama paa na jua la chungwa. Jina limetoka kwa kitabu cha mtunzi Fux cha 1725 cha kufundisha kupanga sauti juu ya sauti, kile mtunzi Haydn alijifundishia. Yaani aliita picha yake kwa jina la kitabu cha shule. Mtu anayeheshimu mazoezi hivyo namuelewa.

Jumamosi ya nne sikuipenda, na inaniuma kusema kwa sababu mada yenyewe ndiyo ningependa kuirudia. Rothko na Feldman. Huko Houston, Marekani, kuna kanisa dogo la pembe nane lililofunguliwa 1971, ndani kuna michoro kumi na nne ya Mark Rothko, mikubwa, zambarau inayoelekea nyeusi na nyeusi yenyewe. Rothko alifariki 1970, hakuliona likifunguliwa. Rafiki yake Morton Feldman akaandika muziki wa kanisa hilo, kwaya inaimba bila maneno, viola, ngoma na vyombo vichache vya kugonga, na ile selesta yenye sauti ya kengele ndogo. Ni polepole na chini kabisa, karibu nusu saa, na mwishoni viola inatoa wimbo mmoja mwepesi ambao Feldman aliutunga akiwa kijana.

Sasa fikiria. Projekta haiwezi kutoa nyeusi. Inatoa mwanga, kwa hivyo nyeusi yake ni ule ukuta wako tu bila mwanga, na ukuta wetu ulikuwa krimu. Michoro ambayo mtu alipaka safu juu ya safu ndio giza liwe na kina, sisi tuliona kijivu. Na spika ilikuwa ile ndogo ya blutuuthi isiyo na besi, ngoma za Feldman hazikusikika kabisa, na Jumamosi saa kumi Ngara magari yanapiga honi mpaka madirisha yanatetemeka. Mama mmoja fundi wa nguo aliyekaa kando yangu aliniuliza, "Dada, imeanza?" na ilikuwa imefika katikati. Hilo si kosa lake. Kwa kazi kama hiyo unahitaji usiku, spika mbili nzuri, na kama hakuna michoro yenyewe basi karatasi zilizochapishwa vizuri ama hata ubao mkubwa uliopakwa. Nimemwambia mwalimu nitampakia ubao wa futi nane kwa nne, zambarau chini, nyeusi ya mati, isiyong'aa, juu, koti nyembamba nyembamba, bila malipo, anunue rangi tu.

Lalamiko la pili, dogo: wiki nne zote hatukutoka nje ya hicho chumba. Ukifundisha watu Mussorgsky, wimbo wa mtu anayetembea mbele ya picha, na Nairobi Gallery iko pale kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, jengo la 1913 lenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, kwa nini tusitembee? Nilienda peke yangu Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Nikahesabu tano, nikahesabu sita, kutoka picha hadi picha. Vyumba ni vidogo kwa hivyo unafika kabla sita haijaisha, na inabidi usimame mbele ya picha wimbo ukiwa bado haujatua, na hapo unaangalia kwa macho mengine kabisa. Nilikaa saa mbili.

Nampa nne kati ya tano. Tatu na nusu ni za Klee na lile swali la do, iliyobaki ni ya mwalimu kukubali kuulizwa. Chai ni nzito na ina tangawizi. Ngazi ni kali kwa wazee, piga simu mapema wawawekee kiti pale katikati. Darasa lingine linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao na nafasi ni kumi na nne tu. Mimi nitarudi ile siku ya tatu, mwalimu ameniomba kadi za nyekundu, kutoka maruni mpaka pinki ya mwisho, na nimeshaanza kuchanganya, niko na sita, ya saba bado inakauka.